Naomba ushauri: kutenganisha uchafu na kimiminika cha spini

Wakuu, habari zenu. Natafuta mada ya utafiti na nimevutiwa mno na kimiminika cha spini, yaani hali ambamo spini (vijisumaku vya elektroni) hazitulii kwenye mpangilio hata kwenye baridi kali, wazo la mwanafizikia Philip Anderson la mwaka 1973. Spini tatu kwenye pembetatu, kila moja inataka kupingana na jirani zake, haiwezekani. Basi hazijipangi hata karibu na sifuri kamili. Hapo sina tatizo.

Kinachonitesa ni hebatisimaiti (herbertsmithite), madini ya shaba na zinki yanayodhaniwa kuwa na hali hiyo. Nyutroni zikirushwa kwenye fuwele yake zinaonyesha wigo wa nishati uliotawanyika, dalili nzuri kabisa ya kimiminika cha spini, ila shaba ya ziada huingia kwenye nafasi za zinki na kuvuruga ishara za nishati ndogo. Waliobobea, mnautenganishaje mchango wa uchafu huo na tabia halisi ya fuwele? Nianze na vipimo vya sumaku vya viini (NMR) vya oksijeni-17 au joto mahususi?