Homoni ya parathiroidi imepanda: je, ndiyo inayochochea soriasisi?

Swali
Habari zenu wadau. Mama anaugua soriasisi (ugonjwa sugu wa ngozi) ya mabaka kwenye viwiko na magoti kwa miaka mingi. Majibu yake ya damu yanaonyesha kuwa vitamini D iko chini na homoni ya parathiroidi imepanda kidogo, ilhali kalsiamu iko sawa. Naomba kueleweshwa: je, homoni hiyo ndiyo inayochochea ugonjwa, na vidonge vya vitamini D vitaondoa mabaka?

Jibu la 1
Ndugu, mpe mama pole. Vitamini D inapopungua, utumbo hufyonza kalsiamu kidogo, hivyo tezi nne ndogo za parathiroidi shingoni huongeza homoni yake, ambayo huchota kalsiamu mifupani na kuzifanya figo zisiipoteze kwenye mkojo. Ndiyo maana kipimo cha kalsiamu kimetoka sawa. Huko ni mwili kujihami, si chanzo cha soriasisi. Upungufu utibiwe kwa ajili ya mifupa yake, lakini asitegemee vidonge kumwondolea mabaka.

Jibu la 2
Naongezea upande wa ngozi. Seli za ngozi ya juu zina vipokezi vya vitamini D, na katika soriasisi seli hizo huzaliwa na kupanda juu kwa siku chache badala ya takriban mwezi mmoja, magamba yakarundikana. Mwaka 1985 madaktari wa Osaka, Japani, walieleza habari za mgonjwa aliyepewa dawa ya jamii ya vitamini D kwa ajili ya udhaifu wa mifupa, na soriasisi yake ikapata nafuu kubwa. Siku hizi ipo kalsipotrioli, dawa ya kupaka ya jamii hiyo hiyo ya vitamini D, inayopunguza kasi ya seli bila kugusa sana kalsiamu ya damu, mradi mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki. Asiipake pamoja na marhamu yenye asidi ya salisiliki, kwani asidi hiyo huiharibu. Jambo hili wagonjwa wengi hawaambiwi wanaponunua dawa.

Jibu la 3
Nasisitiza kuhusu vidonge: dozi kubwa bila vipimo hupandisha kalsiamu, na dalili zake ni kiu, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu na hata kuchanganyikiwa. Tena, mama akitokwa na vipele vingi vyenye usaha pamoja na homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na mwombe kalsiamu ipimwe, kwa sababu aina hiyo ya soriasisi imewahi kuonekana kwa watu ambao kalsiamu yao ilishuka baada ya tezi za parathiroidi kujeruhiwa katika upasuaji wa goita.