Mafaili ya MTS hayatoi sauti DaVinci Resolve, niyabadilishe kuwa nini?

Mchonga_Picha (Newala)
Wakuu, salaam. Nina kazi ya harusi yenye ngoma ya sindimba, jumla saa tatu, imerekodiwa kwa kamera ya Sony ya AVCHD (mfumo wa kurekodi unaotoa mafaili ya .MTS), 1080 50i. Nikiingiza .MTS kwenye Resolve ya bure (programu ya kuhariri video, Windows), picha inakuja lakini inakwamakwama, sauti hakuna kabisa. Nimebadili jina la faili kuwa .mp4, hali ni ileile. Tena ngoma yenyewe, dakika 40, imekatwa vipande vitatu. Viwili vya kwanza ni karibu GB 2 kila kimoja. Kompyuta ni i5 ya zamani, RAM GB 8, diski ina nafasi ya GB 120.

Pwani_Lindi
Weka HandBrake (programu ya kubadilisha video), chagua 1080p, bonyeza Start. Inatoa mp4 inayosomeka popote.

Studio_Mikindani
Ndugu Pwani, kwa kutazama sawa, kwa kuhariri hapana. HandBrake inabana picha upya, na mipangilio yake ya kawaida inaacha idadi ya fremu ibadilike, ndiyo maana sauti huanza kuachana na midomo kadiri video inavyoendelea. Anayelazimika kuitumia achague Constant Framerate, 25.

Mchonga, MTS ni kasha tu, kubadili jina hakugusi kilichomo. Ndani kuna picha ya H.264 na sauti ya AC-3 (namna za kubana picha na sauti), na hiyo AC-3 ndiyo Resolve yako inayoshindwa kuisoma. Hakikisha kwanza kwa `ffprobe 00001.MTS` (ffprobe huja na ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri).

Kabla ya kubadilisha, unganisha vipande vya ngoma. Kamera huvikata kwa sababu ya mipaka ya ukubwa wa faili kwenye kadi, lakini ni rekodi moja isiyokatika. Ukibadilisha kimoja kimoja, sauti inaweza kuruka kwenye maungio, na kwenye ngoma pigo likiruka kila mtu analisikia. Fungua dirisha la amri ndani ya folda (kwenye kadi ni PRIVATE\AVCHD\BDMV\STREAM, ila fanya kazi kwenye nakala):

`copy /b 00004.MTS+00005.MTS+00006.MTS ngoma.MTS`

Hiyo /b usiisahau. Kisha viondoe vile vipande vitatu kwenye folda ya nakala, na ubadilishe mafaili yote kwa mkupuo:

`for %i in (*.MTS) do ffmpeg -i "%i" -c:v copy -c:a pcm_s16le "%~ni.mov"`

Picha inanakiliwa bila kuguswa, sauti inakuwa PCM, yaani isiyobanwa. Haipotezi ubora, inaisha haraka, na ukubwa unaongezeka kama GB 0.6 tu kwa saa. Ukiihifadhi amri kwenye faili la .bat, andika %% badala ya %.

Mchonga_Picha (Newala)
Sauti imekuja, ahsante sana mkuu! Bado inakwama, na wachezaji wakitikisa kiuno, pembeni mwa mwili kunatokea mistari kama meno ya kitana.

Studio_Mikindani
Hayo ni mambo mawili tofauti. Mistari inatokana na 50i: kila fremu ina nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, kwa hiyo kinachokwenda kasi kinaonekana sehemu mbili. Aliyetulia hana mistari, sindimba inayo. Kukwama ni kwa sababu H.264 huhifadhi fremu nyingi kwa kutegemea za jirani. Ukisogeza mshale, prosesa inalazimika kufumbua kundi zima. DNxHR, aina ya video ya kuhariria, huhifadhi kila fremu peke yake. Amri hii inatibu yote (bwdif ndiyo inayoondoa mistari):

`ffmpeg -i ngoma.MTS -vf bwdif=0 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le ngoma_h.mov`

Gharama yake ni diski. SQ (kiwango cha ubora cha dnxhr_sq) kwa fremu 25 kwa sekunde inakula zaidi ya GB 50 kwa saa, saa zako tatu hazitaenea. Ngoma ipe SQ, kama GB 35. Hotuba na waliokaa wape dnxhr_lb (kiwango cha chini), kama GB 16 kwa saa. Kwa sura zisizotembea inatosha. Zile .mov za mwanzo zifute.

Ukiandika bwdif bila =0 unapata fremu 50 kwa sekunde, na ukubwa mara mbili. Fanya hivyo kwa kipande kifupi unachotaka kukipunguza mwendo, maana hapo mguu wa mchezaji unaonekana vizuri mno.

Dada_Masasi
Nyongeza: umeme ukikatika katikati ya kazi, hiyo .mov haitafunguka, kwa kuwa faharasa yake huandikwa mwishoni. Ifute, rudia faili hilo tu. Na kadi isifutwe hadi kila .mov ichezwe mwanzo na mwisho, muda wake ulinganishwe na wa MTS.