Naomba ushauri: narudi kwenye mti wa ukoo niliouacha 2019, sijui nianzie wapi

Mtafuta Shina
Wakuu, habari zenu. Mwaka 2019 nilikuwa nakusanya nasaba yetu kwenye programu ya kompyuta. Nilifikisha watu 412, nikaacha. Mwezi uliopita nimepata laptopu mpya, nikaweka programu nyingine na kuingiza lile faili la GEDCOM, lile la kuhamishia mti kutoka programu moja hadi nyingine. Sasa kila nikilifungua linaanzia kwangu, siyo kule upande wa bibi nilikokuwa. Picha zote zimekuwa viboksi vitupu, na wajomba wawili wanatokea mara mbili. Baada ya wiki tatu ukoo unakutana na nimeahidi bango la ukutani. Niendelee nalo au nianze upya? Usingizi sipati.

Nyuki Mweusi
Anza upya mkuu. Mimi nilikuwa na programu ya Personal Ancestral File, wakasitisha 2013 nikiwa na watu zaidi ya elfu. Nilihama na faili, majina yenye herufi za ajabu yakavurugika yote. Siku hizi naandika kwenye daftari kubwa.

Fundi Data
Usianze upya hata kidogo. GEDCOM ni maandishi matupu: inabeba anwani ya picha kwenye kompyuta ya zamani, picha zenyewe haibebi. Hamisha folda yake, kisha uielekeze programu huko. Kuhusu ulipoishia, rekodi nyingi zina alama ya CHAN, yaani tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Kwenye Gramps, programu ya nasaba, kuna safu yake kabisa; panga orodha ya watu kwa tarehe hiyo na utajiona ulikokuwa. Bandika hapa kichwa cha faili na rekodi ya mwisho kuguswa. Majina yafute.

BintiWaKwanza
Kukutana ni heri. Waulizeni wazee sasa wakiwa hai, kompyuta itasubiri.

Mtafuta Shina
Haya. I12 ni baba.

0 HEAD
1 GEDC
2 VERS 7.0
...
0 @F10@ FAM
1 HUSB @I12@
1 CHAN
2 DATE 14 MAR 2019

Fundi Data
Ngoja. Hii ni familia yenye mume tu. Mke hayupo, mtoto hayupo. Mtu hafungui rekodi ya familia ili aweke mume peke yake. Nani alikuwa humo?

Mtafuta Shina
Nadhani ni kosa la kuhamisha. Turudi kwenye picha tafadhali.

Fundi Data
Tarehe ni ya mwaka ulioacha. Umeuliza uliishia wapi, na faili linasema uliishia hapo. Nani?

Mtafuta Shina
Basi. Ni kaka yetu. Baba alimzaa kabla ya kuoa, nasi tulimjua siku ya msiba wa baba. Nilimwingiza kwenye mti. Siku kadhaa baadaye mama akapita nyuma yangu, akasimama kidogo akitazama skrini, akaenda kulala bila kula. Usiku uleule nilimfuta, na tangu hapo sikufungua tena. Msinihukumu. Mama ana miaka 78, wenzangu wote wanne wameafiki, na bango limeshakwenda kwa mchapaji likiwa na watoto watano. Ushauri wa hilo sikuomba.

BintiWaKwanza
Damu haifutwi kwa kitufe, ndugu yangu. Mama umemhurumia, huyo kaka amekosa nini?

Nyuki Mweusi
Daftari langu lingekuokoa. Ukifuta na kalamu, alama inabaki.

Kalamu Butu
Wakuu, hii ni chai. Someni kichwa cha faili: toleo 7.0. Hilo limetoka 2021. Mleta mada anasema aliacha 2019. Faili la 2019 limepataje toleo la 2021? Mtu ametunga kisa cha kututoa machozi.

Nyuki Mweusi
Hapo kweli pana jambo.

BintiWaKwanza
Na mimi nilishaanza kuombea familia ya watu!

Mtafuta Shina
Sijatunga. Hilo nililobandika nimelitoa juzi kwenye programu mpya, ndiyo imeandika toleo hilo. La zamani liko kwenye flashi.

Fundi Data
Kumbe lipo! La tarehe gani?

Mtafuta Shina
10 Machi 2019. Bakapu nzima, pamoja na picha. Ni siku nne kabla ya kumfuta.

Kalamu Butu
Hapo sawa, nafuta kauli. Ila ungesema mapema.

Fundi Data
Siku zote hizi unalia picha na bakapu unayo. Sikiliza: usiliingize juu ya mti huu, utapata kila mtu mara mbili kama hao wajomba. Lifungue kama mti wa pembeni, na mti huo ndio uuendeleze. Kuhusu kaka, Gramps ina alama ya kufuli kwa kila rekodi. Ukiifunga, mtu anabaki kwenye data na unaweza kumwacha nje unapotoa nakala. La bango mtajua ninyi. Data usiifute.

Babu Mpole
Mimi ni huyo kaka, kwa familia nyingine. Niliikuta chati ya baba yangu sebuleni kwa shangazi. Nilihesabu mara tatu, nikidhani macho yangu. Shangazi aliniona nahesabu, akaja na chai, akasimama mbele ya ukuta hadi nilipomaliza kunywa. Sikurudi pale miaka kumi na moja. Ningeambiwa mapema kwamba sitawekwa, na sababu yake, ningekuja tu. Kilichonikata ni kuhesabu mbele za watu.

Mtafuta Shina
Babu, nimekusoma. Anakuja siku hiyo. Amealikwa na mjomba.

Nimewasha laptopu ya zamani, inawaka ikiwa kwenye chaji tu. Bakapu imefunguka na picha zipo, mpaka ile ya baba na baiskeli. Kwa kaka kuna maelezo niliyoandika mwenyewe nikasahau: "Kumpigia. Kuuliza jina la mama yake, liandikwe F10."

Namba bado ninayo. Mchapaji anaanza kazi Jumatatu. Fundi, ile kufuli inakaa kwa mtu peke yake au niifunge F10 nayo?

Fundi Data
Zifunge zote mbili. Ila mpigie kwanza.