Binti yangu yuko Kidato cha Tano PCB na anautaka udaktari: tuandae nini kabla ya matokeo?

Mama wa Mbinga ameandika:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mimi ni mjane, mkulima wa kahawa, na binti yangu wa kwanza anasoma Kidato cha Tano katika shule ya bweni iliyo mbali na nyumbani. Anachukua tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na mwakani mwezi Mei atafanya mtihani wa taifa. Tangu akiwa shule ya msingi anasema atakuwa daktari, na alama zake hadi sasa si mbaya. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, kwa hiyo sina wa kumuuliza, na walimu wake huwa nawaona siku ya kikao cha wazazi tu. Jirani mmoja ananiambia nisihangaike hadi matokeo yatoke. Mwingine, ambaye kijana wake alikosa mkopo, anasisitiza nianze sasa.

Kinachonitia wasiwasi ni vyeti. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa jina la baba "Yohana", lakini shuleni aliandikishwa "Johana", na ndivyo kilivyotoka cheti cha Kidato cha Nne. Tena baba yake alifariki nyumbani, tukazika, wala hatukufuatilia cheti cha kifo. Swali langu jingine ni hili: je, ni busara kuomba udaktari peke yake katika vyuo vyote?

Mwalimu wa Kemia amejibu:

Mama, pole kwa kuondokewa na mwenzako, na hongera kwa kumfikisha binti hapo. Jirani wa pili ndiye wa kumsikiliza. Matokeo ya Kidato cha Sita kwa kawaida hutoka Julai, na dirisha la kwanza la maombi ya vyuo hufunguliwa siku hizohizo, kwa hiyo anayesubiri matokeo ndipo aanze kufikiri hujikuta anachagua kozi akiwa amesimama dirishani mwa steshenari huku foleni ikimsukuma.

Kuhusu alama, A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Binti asipumbazwe na kiwango hicho. Udaktari wa binadamu unadai afaulu Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, kisha waombaji hushindanishwa kwa nafasi chache, hivyo anayetimiza sifa za chini anaruhusiwa kuomba tu, hajahakikishiwa kupata. Nimewaona wanafunzi wengi wa PCB wakiipuuza Fizikia kwa kuwa "daktari hahitaji mambo ya umeme", na somo hilohilo ndilo lililowafungia mlango. Masomo ya ziada, kama Hisabati Tumizi, hayaingii katika pointi za kushindania nafasi, ingawa ni lazima ayafanye.

Likizo ijayo tafuteni mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka uliopita. Hutolewa kila mwaka, na upo mmoja wa wenye sifa za Kidato cha Sita na mwingine wa wenye stashahada, msije mkachanganya. Kila programu imeandikiwa sifa zake, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Kaeni naye mezani ausome mwenyewe kwa sauti, nawe umuulize maswali.

Mwanafunzi wa udaktari amejibu:

Shikamoo mama. Ninasoma mwaka wa tatu, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona kwa wenzangu.

Udaktari hufundishwa katika vyuo vingi kuliko watu wanavyodhani: kuna Muhimbili, Dodoma, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, chuo cha afya cha Mbeya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ifakara, SUZA ya Zanzibar na vingine. Tofauti ya ada kati ya vyuo vya umma na vya binafsi ni kubwa sana, na mkopo si lazima ufunike ada yote, kwa hiyo ulizeni ada kabla ya kuandika jina la chuo. Masomo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini.

Tangu mwaka 2017 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, na kila kimoja kina ada yake ya maombi. Binti anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au zaidi, na hapo atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyoijaza wakati wa kuomba. Mama, naomba hapa unisikilize kwa makini. Wapo vijana wa steshenari ambao, kwa kutaka kumaliza haraka, hujaza namba zao wenyewe na kufungua barua pepe ambayo nywila yake wanaijua wao. Namba ya uthibitisho inapotumwa, mwombaji hajui lolote. Tena wahitimu wengi wa Kidato cha Sita huitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria kuanzia takriban mwezi Juni, na huko kambini simu si kitu cha kushika muda wowote. Jazeni namba yako wewe, ile iliyosajiliwa kwa jina lako, na nywila ziandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Mtumishi wa dawati la mikopo amejibu:

Mama wa Mbinga, vyeti hivyo ndivyo vitakavyokula muda wako, kwa hiyo nitakaa hapo.

Bodi ya Mikopo humtambua mwombaji kwa majina na namba ya mtihani ya Kidato cha Nne. Kwa sababu hiyo ni afadhali kurekebisha cheti cha kuzaliwa kifanane na cheti cha shule kuliko kinyume chake. Tofauti ya herufi moja hushughulikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, nanyi mnaweza kuanzia katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako usajili huo hufanyika. Nendeni na cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo kama kipo, na cha Kidato cha Nne. Baada ya marekebisho, cheti kinapaswa kuhakikiwa na RITA kwa njia ya mtandao, na majibu ya uhakiki huo ndiyo yanayotumika kwenye maombi ya mkopo. Msimu wa maombi ukifika, RITA hupokea maombi ya uhakiki kutoka nchi nzima kwa wakati mmoja. Ukifanya sasa, hupangi foleni na mtu.

Cheti cha kifo usikiache. Bila hicho binti hawezi kuthibitisha kwamba amefiwa na baba, na uyatima ni mojawapo ya mambo yanayozingatiwa katika kupima uhitaji. Vilevile, kama kaya yenu imo katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, tunzeni namba ya kaya.

Afisa tabibu amejibu:

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Mnazungumza kana kwamba njia ni moja. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, inasimamiwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na mtu anahitimu akiwa na taaluma mkononi. Akifaulu vizuri anaweza kuomba udaktari baadaye. Siku hizi Bodi inakopesha pia baadhi ya fani za stashahada. Kwa mama mwenye watoto wengine nyuma, miaka mitatu na mitano si sawa.

Mwalimu wa Kemia amejibu:

Afisa, njia hiyo ni halali na ninaiheshimu, ila kwa binti ambaye yuko tayari Kidato cha Tano ningeiweka kama akiba. Kuhusu swali la mama, kuomba udaktari peke yake katika vyuo vyote ni hatari isiyo na sababu. Katika kila chuo aweke udaktari kwanza, kisha famasia, uuguzi au sayansi ya maabara, kwa mpangilio anaoupenda kweli. Asiandike kozi ambayo akiipata atalia. Akikosa dirisha la kwanza, huwa linafuata la pili, lakini nafasi za udaktari zinazobaki wakati huo ni chache mno.

Mama wa Mbinga ameandika:

Nawashukuru sana, na mwanangu wa mwaka wa tatu, marahaba. Nimebaki na mawili. Wakati wa msiba mtendaji wa kijiji alituandikia kibali cha mazishi na nakala ninayo. Je, inatosha kuanzia? Na mdhamini wa mkopo awe nani, maana wengine wananiambia lazima awe mtumishi wa serikali?

Mtumishi wa dawati la mikopo amejibu:

Kibali hicho ni mwanzo mzuri sana. Nenda nacho kwa mtendaji, akuandikie barua ya utambulisho inayotaja tarehe na mahali pa kifo, kisha peleka vyote wilayani pamoja na kitambulisho chako. Kwa kuwa muda umepita, utaambiwa ni usajili uliochelewa na utaelekezwa fomu ya kujaza; usikate tamaa ukirudishwa mara ya kwanza.

Mdhamini si lazima awe mtumishi wa serikali. Wewe mwenyewe unaweza kumdhamini binti yako, ilimradi una kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA na picha ndogo. Fomu ikishachapishwa hutiwa saini na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na wakili au kamishna wa viapo, kisha kurasa zilizosainiwa hupakiwa tena kwenye mfumo. Wengi hujaza kila kitu, wakalipia, wakasaini, halafu hawarudishi kurasa hizo, na maombi yao huhesabiwa hayajakamilika. Kama binti anaitwa JKT, hakikisha dirisha likifunguliwa anasaini kabla hajaondoka, kwa sababu dirisha la mikopo linaweza kufunguliwa mwezi huohuo wa Juni, kabla matokeo hayajatoka.