Miaka sita ya PhD ya elimu ya muziki na hakuna aliyesikiliza hata dakika mbili za muziki

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, na Wagogo wenzangu mbukwenyi. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, sifichi. Jana nimerudishiwa tasnifu yangu kwa mara ya tatu, na safari hii kosa ni pambizo.

Pambizo, jamani. Mle ndani nimeandika kwa nota nyimbo 41 za akina mama wa Kigogo, kila ngoma na mstari wake, kila sauti na mstari wake. Kwenye kurasa mbili mistari ya nota imevuka pambizo la kulia kwa upana wa ukucha. Dada wa ofisi ya masomo ya uzamivu alitoa rula, akapima mbele ya macho yangu, akazungushia kwa penseli, akanirudishia kitabu chote. Hapo ndipo nilipoiona bahasha ya flashi imebanwa nyuma ya jalada na pini zile zile nilizozipiga mwenyewe mwezi Machi. Ndani ya flashi kuna saa 19 za rekodi. Nikamuuliza kama watahini walipelekewa. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hiyo haina namba ya ukurasa, mwalimu. Hatuihesabu kuwa sehemu ya tasnifu."

Sikumjibu. Yeye anafuata mwongozo aliopewa. Hasira yangu ni kwa waliouandika.

Mimi ni mwalimu wa muziki. Nimefundisha chuo cha ualimu miaka 14 kabla ya kuajiriwa chuo kikuu kama mhadhiri msaidizi. Walioko kwenye kazi hii wanajua, bila PhD unakaa hapo hapo, hupandi kuwa mhadhiri hata ufundishe mpaka sauti ikauke. Hapa nyumbani nilitafuta msimamizi wa udaktari wa elimu ya muziki yenyewe, si elimu kwa jumla, nikakosa. Nikavuka Namanga, nikaingia Kenya. Chuo sikitaji, na naomba mtu asikitaje huko chini, kwa sababu niliowauliza wa vyuo vingine wana hadithi zinazofanana na yangu.

Shahada ya uzamili ninayo, ufaulu ulitosha, barua za wadhamini zilikuwepo. Wakaniambia niongeze cheti cha ala, ikiwezekana Grade 8 ya ABRSM. Kwa wasioijua, hiyo ni bodi ya mitihani ya muziki ya London, ipo tangu 1889. Mitihani yake ni mizuri, wanafunzi wangu wa piano nimewaandaa mwenyewe. Lakini ala yangu ni ngoma ya muheme, ile wanayopiga wanawake wameibana katikati ya mapaja, na nyingine ni zeze. London hakuna Grade 8 ya muheme. Nikajibiwa kwamba basi mimi "sina ala", nianze na kozi tatu za kujazia. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alipiga ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze kwenye majukwaa ya dunia nzima na akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kwa masharti haya angeandikiwa naye kwamba hana ala.

Kozi nilizisoma. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kuandika sauti nne: unapewa sauti ya kwanza, unajazia ya pili, ya tatu na besi. Moja ya sheria kubwa ni kwamba sauti mbili zikiwa zimepishana kwa tano kamili, tuseme huyu yuko do na yule yuko so, zisipande pamoja kwenda re na la. Ukifanya hivyo unakatwa maksi. Haya, ndiyo sheria ya muziki wa kanisa la Ulaya wa karne fulani, na kwa muziki ule ina sababu zake. Lakini Wagogo ndivyo tunavyoimba! Nne na tano zinazotembea pamoja ndizo tulizozaliwa nazo masikioni. Bibi yangu akianza wimbo, shangazi anamshika kwa chini na wanakwenda hivyo mpaka mwisho, bila karatasi, bila mtu kuhesabu. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, ameandika vizuri kabisa jinsi upangaji huo wa sauti unavyotokana na sauti ndogo ndogo zinazosikika ndani ya sauti moja kubwa. Kitabu chake nilikikuta kwenye maktaba ya chuo hicho hicho, ghorofa moja chini ya chumba cha mtihani. Mimi nilikatwa maksi 11 kwa kuandika kama bibi yangu.

Baadaye, kwenye rasimu, nikaeleza kwamba kibao kimoja cha ilimba kinalia chini ya nota ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni, na kwamba hakijakosewa, kimewekwa hivyo makusudi na fundi anayejua anachokisikiliza. Nikaweka mshale juu ya kila nota inayohusika na maelezo ya kurasa nne. Msomaji wa rasimu akaandika pembeni: "Ala haikutyuniwa vizuri. Rekodi upya."

Irekodiwe upya kwa ala ipi?

Mtihani mkuu wa kabla ya kuandika pendekezo tuliulizwa njia ya kufundishia muziki ya Kodály, mtunzi wa Hungaria: ishara za mikono, solfa (do, re, mi), mtoto aanze na nyimbo za lugha ya mama. Nilifaulu vizuri kwa sababu ninaipenda. Sasa nisikilizeni. Zoltán Kodály mwenyewe alipata udaktari wake Budapest mwaka 1906, na tasnifu yake ilihusu jinsi beti za nyimbo za wanakijiji wa Hungaria zinavyojengwa. Nyimbo za wakulima ndizo zilizompa udaktari, na juu ya nyimbo hizo ikajengwa elimu ya muziki ya nchi nzima. Mimi ninatakiwa kumnukuu yeye kwenye sura ya pili, halafu nikifanya alichokifanya yeye kwenye sura ya nne naambiwa data yangu ni "hadithi za wazee".

Hili la data ndilo limeniumiza kuliko yote. Barua za vibali, kuanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa mpaka kwa mtendaji wa kijiji, sizilalamikii, zilitoka. Nilikaa Chamwino, Dodoma, miezi tisa. Nilichokuwa nakitafuta ni jinsi mtoto anavyofundishwa muheme pasipo mtu kumwambia "leo tunajifunza". Niliona mama mmoja akimweka mjukuu wa miaka mitano mbele yake, ngoma moja, mikono minne. Mtoto anaweka viganja vyake juu ya viganja vya bibi. Bibi anapiga, mtoto anabebwa. Siku kadhaa baadaye bibi anaanza kuacha pigo moja, lile lile kila mara, na mtoto anashtuka kwa sababu pamebaki shimo. Siku ya tatu au ya nne mtoto analijaza mwenyewe. Bibi hasemi neno, anaacha la pili. Wakuu, hiyo ni mbinu ya kufundishia! Nimeipiga picha za video mara 16 kwa familia sita tofauti. Ningeweza kuipeleka kesho kwenye darasa la walimu tarajali na ikafanya kazi.

Siku ya semina nilisimama mbele ya jopo la watu saba. Swali la kwanza: kwa nini wahojiwa ni 23 tu, kwa nini sikutumia fomula ya Yamane kupata idadi ya sampuli? Nikaeleza kwamba huu si utafiti wa dodoso. Swali la pili likawa lile lile kwa maneno mengine. Nikaomba dakika mbili niwaonyeshe video moja tu, ya yule bibi na mjukuu. Spika nilikuja nazo mwenyewe, nilizibeba kwenye basi kutoka Arusha nimezipakata. Mwenyekiti akatazama saa akasema muda hautoshi, niendelee na jedwali la 4.3. Nikaendelea na jedwali la 4.3. Spika sikuziwasha.

Halafu makala. Kanuni za Kenya zilizotoka 2014 zinamtaka mtahiniwa wa PhD awe na makala mbili kwenye majarida yanayohakikiwa. Sawa. Nikaandika mbili kutoka kwenye tasnifu kama nilivyoelekezwa, ya pili nikailipia dola 150 mfukoni mwangu. Zikachapishwa. Nilipopeleka tasnifu, programu ya kupima wizi wa maandishi ikasoma asilimia 34, juu ya kiwango. Nimeiba kwa nani? Kwa mimi mwenyewe, kutoka kwenye makala walizonilazimisha kuzichapisha. Huko ndiko kulikokuwa kurudishwa kwa mara ya kwanza, na miezi saba ikapotea nikibadilisha sentensi zangu nzuri kuwa mbaya ili mashine isizitambue.

Najua kuna atakayesema nataka PhD ya mteremko. Hapana. Nataka iwe ngumu mahali panapostahili. Nipeni darasa la watoto 60 nisiowajua, jopo likae nyuma, nifundishe wimbo wa sauti mbili kwa dakika 40 na mnipime. Nipeni mtahini wa ngoma anayejua ngoma. Chuo cha Sibelius kule Finland kina udaktari ambao matamasha ni sehemu ya kazi inayotahiniwa. Marekani programu nyingi za udaktari wa elimu ya muziki hazikupokei bila miaka kadhaa ya kufundisha shuleni, na baadhi zinataka video yako ukiwa darasani. Miaka yangu 14 darasani haikuulizwa hata kwa sentensi moja. Fomu ilikuwa na nafasi ya nambari ya posta, nafasi ya hiyo haikuwepo.

Na hapa kwetu mitaala mipya ilianza Januari 2024, Sanaa na Michezo ni somo la shule ya msingi. Walimu wa kulifundisha watatoka vyuoni kwetu. Watafundishwa na nani, na kwa nyimbo zipi, kama kila anayekwenda kusomea jambo hili anafundishwa kwanza kwamba sikio lake lina makosa?

NYONGEZA: Kwa mkuu aliyeuliza kwa nini nisitoe nyimbo nikabakisha maandishi ili nipite haraka. Msimamizi wangu naye alinishauri hivyo, kwa nia njema, kaka wa watu amechoka kama mimi. Siwezi. Akina mama wa Chamwino hunipigia simu kila baada ya wiki mbili tatu, wanapokezana simu moja, na swali lao ni moja: "Kitabu chetu kimefika wapi?" Wanasema chetu.

Jumatatu narudi na hizo kurasa mbili nimezipunguza, nota zimekuwa ndogo kiasi kwamba msomaji atahitaji miwani. Ninachoomba hapa: kama kuna yeyote, chuo chochote cha Afrika Mashariki, aliyefanikiwa kufanya rekodi zake zitahiniwe kama sehemu ya tasnifu na si kama kiambatisho, aniambie alitumia kifungu gani cha mwongozo na alimwandikia nani barua. PM iko wazi.