Mjadala: Aliye kwenye mionzi, anyimwe mlonge na vidonge vya vitamini?

Mama wa Area C: Dada yangu yuko wiki ya 3 ya mionzi, saratani ya mlango wa kizazi, na kila wiki anawekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Shemeji kaleta unga wa mlonge na vitamini E, eti zilinde seli. Daktari kazikataa. Je, mgonjwa aachiwe ajiamulie?

Kijana wa Ipagala: Wao wanamwaga sumu kwenye mshipa, sawa. Mama akikoroga majani, kesi!

Fundi Maabara: Sumu hiyo ina kazi, bwana mdogo. Mionzi inakata DNA ya saratani, sisplatini inaing'ang'ania isiungwe tena. Mwaka 1999 Wamarekani waliwatangazia madaktari matokeo ya majaribio 5: waliopata mionzi pamoja na sisplatini walikufa wachache kuliko waliopata mionzi bila sisplatini. Vitamini E ndiyo inayonitia wasiwasi. Mionzi ikipiga maji ndani ya seli zinazaliwa chembe kali zinazochana DNA. Vitamini E inazizima. Nayo haibagui seli ya dada na ya saratani. Kanada waliwahi kuijaribu kwa wagonjwa kama 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi. Madhara makali yalipungua, lakini zikaonekana dalili kwamba saratani inarudi zaidi.

Mkulima Hombolo: Kwa hiyo na zabibu zetu ni adui? Zina resveratroli, kemikali ya kwenye maganda, inaisaidia mionzi. Nimesoma.

Fundi Maabara: Ulisoma habari za seli kwenye kisahani cha maabara. Kufikia kipimo kile, mgonjwa amalize shamba lako zima.

Mkulima Hombolo: Shamba langu limeingiaje hapa? Nyie mliohamia Dodoma na wizara mna dharau sana.

Fundi Maabara: Mimi kwetu Kondoa, mzee, sikuletwa na wizara.

Mlenda Mbichi: Kumaliza shamba la Hombolo ni kazi ya asubuhi moja. Zabibu ziko Mpunguzi 😂

Mkulima Hombolo: Mpunguzi! Miche mlichukua wapi?

Kijana wa Ipagala: Mimi nilisemea mlonge, mmenijibu vitamini.

Mama wa Area C: Jamani, dada hata uji haukai tumboni, zabibu atazila saa ngapi? Vidonge nimevificha. Shemeji kanuna tangu jana.

Mlenda Mbichi: Pole mama. Mkulima, miche tulilipia. Risiti ninayo.