Nimelaza mihimili ya x na y kwenye mteremko, mbona kani imetoka ndogo?

Swali

Wakuu, nimekwama tangu jana usiku. Gari la kilo 1,000 linazunguka kona ya duara kwenye barabara iliyoinuliwa upande wa nje kwa nyuzi 30. Msuguano hakuna. Tunatakiwa kutafuta N, yaani kani ambayo barabara inalisukuma gari.

Nilifanya kama tulivyozoea kwa tofali linaloteleza: x sambamba na uso wa barabara, y pembemraba nao. Nikaandika N = mg cos 30 (m ni kilo za gari, g ni 9.8 m/s² ya mvutano wa dunia, hivyo mg ni uzito), nikapata nyutoni 8,487. Kitabu kinasema 11,316. Nimerudia mara tatu na napata lilelile. Je, mihimili inaweza kubadilisha jibu? Nilidhani kuichagua ni hiari yangu.

Jibu la 1

Ni hiari yako kweli, na jibu halibadiliki kamwe. Kosa lako liko kwenye jambo ulilolikubali bila kuliandika.

Ukisema N = mg cos 30, umesema kwamba kwenye y yako hakuna mchapuko (a), yaani badiliko la kasi au mwelekeo. Kwa tofali ni sawa, maana tofali linashuka sambamba na mteremko na mchapuko wake wote uko kwenye x. Gari lako halishuki. Linazunguka duara lililolala, kwa hiyo mchapuko wake unaelekea kitovu cha duara hilo, na kitovu kiko usawa mmoja na gari. Mshale wake ni mlalo kabisa, haufuati uso wa barabara.

Weka basi x mlalo kuelekea kitovu, y wima:

N cos 30 = mg
N sin 30 = ma

Mstari wa kwanza peke yake unakupa 9,800 ÷ 0.866 = 11,316. Gawanya wa pili kwa wa kwanza, upate a = g tan 30, karibu 5.66 m/s².

Muuliza swali

Sasa nimeelewa kwa nini. Kumbe mihimili iliyoinama haifai kwenye kona?

Jibu la 2

Hapana ndugu yangu, usiondoke na hilo! Inafaa, ila lazima uugawe mchapuko kama unavyogawa uzito. Kwenye mihimili yako ya kwanza:

mg sin 30 = ma cos 30
N − mg cos 30 = ma sin 30

Ule upande wa kulia wa mstari wa pili ndio uliouacha sifuri. Ni 1,000 × 5.66 × 0.5, yaani 2,829. Jumlisha na 8,487 yako uone.

Mimi nilihangaika na jambo hilihili muda mrefu, kwa sababu nilifundishwa "ukiona mteremko, inamisha mihimili" kama kanuni. Siku hizi, kabla sijagusa mhimili wowote, nauliza kitu kinachapuka kuelekea wapi, nachora mshale huo, kisha nalaza mhimili mmoja juu yake. Hesabu inapungua nusu.

Jibu la 3

Naongezea: mshale huo haujulikani mapema kila mara. Chukua jiwe linaloning'inia kwenye uzi na kubembea. Mchapuko wake unageuka muda wote, na ukitumia mlalo na wima utasumbuka. Hapo fuata uzi: mhimili mmoja kando ya uzi, mwingine kando ya tao. Kwenye tao unabaki na mchapuko g sin θ tu (θ ni pembe kati ya uzi na wima). Kando ya uzi unapata T − mg cos θ = mv²/L, ambapo T ni kani ya uzi, v ni mwendo wa jiwe na L ni urefu wa uzi. Kwenye kilele cha bembea v ni sifuri, kwa hiyo T = mg cos θ. Angalia, ni fomula ileile iliyokukosesha kwenye kona, na hapa ni sahihi.

Muuliza swali

Nimejumlisha: 8,487 + 2,829 = 11,316. Asanteni sana. Hilo la uzi naanza nalo sasa hivi.